Diski waliyoiita mbovu ilisomeka mbele ya wanaume

Admin, jina langu usilitaje. Vijiji nimeshavibadilisha mwenyewe, maana Pemba hii ukitaja rangi ya mlango tu watu washajua nyumba ya nani.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, nimeachika, nina watoto watatu. Kazi yangu ni kurikodi video za harusi, upande wa wanawake peke yake. Hakuna aliyenifundisha. Kamera ya kwanza niliinunua kwa misimu mitatu ya kuchuma karafuu, kompyuta kaniletea shangazi yangu kutoka Maskati ilipomchosha. Huu mwaka wa tisa, harusi sitini na moja. Na kila harusi, kabla sijawasha kamera, husimama katikati ya ukumbi nikasema: "Mabibi, hii haitaonwa na mwanamume." Hapo ndipo mabaibui yanapovuliwa. Wananiita kwa ajili ya sentensi hiyo. Wanaojua kupiga picha nzuri wako wengi.

Sasa sikilizeni nilivyofanywa.

Miezi miwili iliyopita nilirikodi harusi ya binti aliyeolewa Wingwi. Video zote nikamtilia kwenye hadidiski, ile ya kuchomeka nje ya kompyuta. Diski zangu huziandaa zisomwe na kompyuta za aina ya yangu tu. Laptop za kawaida, walizonazo karibu watu wote huku, hazizisomi. Nilifanya makusudi, nikaona ndiyo kufuli langu. Anayetaka kutazama huja kwangu na mama yake na mashoga zake, tukaweka kahawa na visheti, tukacheka mpaka machozi. Mara sitini imekwenda hivyo. Huyu wa Wingwi njia ya kwao mbovu, naye ana mimba changa, hakuweza kuja. Na mimi sikumuuliza huko alikoolewa kuna kompyuta gani. Swali moja tu, sikuuliza. Hilo nalikubali.

Mumewe akachomeka diski kwenye laptop yake, haikusoma. Ikamwambia aifomati, yaani ifutwe yote ianze upya. Namshukuru Mungu hakubonyeza. Lakini mimi hakunipigia. Alimpigia mama mkwe wake, akamwambia nimewapa diski mbovu. Na yule Bi akalitembeza neno hilo kwenye misiba miwili na maulidi moja. Nikawa napita njiani nasikia, kaipoteza harusi ya watu. Wawili walionishika kwa shughuli zao wakaghairi.

Nikampigia bwana harusi, kwa adabu. Nikamwambia badilisha waya. Akabadilisha, hola. Chomeka tundu jengine. Hola. Taa inawaka? Inawaka. Ukiishika unahisi inazunguka? Inazunguka. Nikamwambia basi diski ni nzima, kompyuta yako tu ndiyo haiielewi, nirudishie niiandae upya kwa aina ya kwako. Akanijibu, "Kwani weye dada haya umeyasomea wapi?" Akakata simu.

Siku nne baadaye nikasikia diski iko kwa fundi wa kompyuta, huko Mtambile. Nikaenda siku hiyo hiyo. Fundi mwenyewe mtu wa heshima, kanipokea kwa furaha. "Bi mkubwa, diski yako haina ugonjwa. Nimetia programu ya kuisoma, imefunguka yote." Na ili anithibitishie, akanigeuzia skrini.

Alikuwa mama yake biharusi. Bi yule yule anayenitangaza. Kichwa wazi, kanga imekazwa kiunoni, anacheza. Kwenye benchi wamekaa wanaume wawili wanaosubiri simu zao. Mmoja, mtu mzima mwenye mvi, akasema taratibu kumwambia mwenzake, "Hapa bado. Ngoja aje yule wa kijani."

Wa kijani ni ustadhati anayewasomesha wanangu Kurani.

Niliweka kiganja juu ya skrini. Nikamuuliza fundi imechezwa mara ngapi. Akasema mara tatu, alikuwa anahakikisha haikwami katikati. Bwana harusi alikuwepo mara ya kwanza. Akaapa hajaituma kwa mtu. Nikamsimamia akafuta mafaili yote mia mbili na kumi na nne aliyoyanakili kwenye kompyuta yake, moja moja nikihesabu. Fundi, wawili wa benchi, bwana harusi. Wanaume wanne, hao ninaowajua.

Bwana harusi nilipomkabili hakuona hata haya. Kasema ningempa kitu kinachosomeka tokea mwanzo yasingefika huko. Kisha akateremsha sauti: "Ukisema, mke wangu atarudi kwao na mimba yake. Na weye hutaitwa tena hata kwenye akika ya mtoto." Nimeipiga hesabu hiyo kila upande. Hajakosea, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Maana ushahidi wa kujisafisha ninao. Diski inasoma. Lakini wakiniuliza imesomeka wapi? Nikinyamaza, mimi ndiye niliyeharibu kazi ya watu. Nikisema, wanawake mia na kumi na wawili, nimewahesabu kwenye video, watajua wamevuliwa mbele ya benchi la fundi.

Juzi biharusi mwenyewe kanipigia. "Dada, mume wangu kasema diski imetengenezwa. Kwani aliitengeneza nani?" Nikamwambia mtandao unakatika, nikazima simu. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumdanganya mteja.

Jumapili nina harusi ya sitini na mbili. Wenyewe walitaka kunighairi, akawakataza ustadhati yule yule wa kijani. Kawaambia diski ni chuma, chuma huharibika, lakini mimi ni mwaminifu. Naye atakuwepo. Atakaa mbele, na baibui lake, akingoja niseme ile sentensi yangu ndio alivue.

Nishaurini, ndugu zangu. Nikisimama pale katikati, niseme nini?