Baridi ya Darini

Tangu avushwe bahari na watu wa Mfalme kuja kuolewa Kanada, mke wa Mathurin alikuwa na sala moja ya asubuhi: kuitukana baridi. Alipasua barafu ya ndoo kwa kiatu chake cha mti, vidole viwili vimeng'oka kucha kwa baridi, sauti ikikwaruza: "Nchi ya laana hii! Hata maji yananikunjia ngumi!" Mathurin alicheka tu. "Tukana, mama watoto, huenda ikaona haya."

Januari kifua kikamuua kitindamimba wao. Ardhi ilikuwa jiwe, haichimbiki, basi wakamlaza darini ndani ya sanduku alilokuja nalo mama yake, kama walivyofanya majirani wote, wakingoja theluji iyeyuke. Tangu hapo matusi ya asubuhi yakakoma. Mathurin akadhani ni majonzi. Aprili paa likaanza kudondosha matone, naye akachukua sepetu, akaita: "Ardhi imelainika, mke wangu. Twende tukamzike." Alimkuta mkewe katikati ya ngazi ya dari, akipandisha ndoo ya theluji chafu, ya mwisho iliyobaki nyuma ya zizi. "Bado," alisema bila kugeuka. "Huku juu bado kuna baridi nzuri."