Mbuzi wa Ntheo na Pikapu Yetu

Ntheo ni mbuzi watatu tu, lakini Mkamba asipowapeleka kwa wakwe, mke anayeishi naye bado ni binti wa watu. Mimi nilibaki binti wa watu miaka mingi, nikiwa na watoto wawili na mdomo usiotulia. Si kwamba mume wangu alisahau. Pikapu yetu ilibeba maembe na simiti za watu kila siku, ila karo haikumpa nafasi.

Hatimaye Jumamosi moja tukatoka Kabati, mbuzi wakiwa nyuma, wamefungwa kwenye vyuma. Nilikuwa nimejipaka mafuta nikang'aa. Tulipokaribia Kalamba nikasikia harufu ya waya unaoungua, kisha moshi ukatoka kando ya boneti. Mume wangu akasimamisha gari, akaniambia nishuke haraka. Alipoinua boneti kidogo tu, moto ukamrukia, akaiachilia.

Hatukuwa na kizimamoto. Mchanga ulikuwepo, tena mwingi. Nikauzoa kwa leso na kuumwaga, huku nikimwita aje tusaidiane. Watu wawili pengine tungeuzima. Yeye alikimbilia nyuma kufungua mbuzi, na vile walivyokuwa wakirukaruka kwa hofu, kamba zilimchelewesha. Alipomshusha wa mwisho, viti vilikuwa vinawaka.

Ninajuta mpaka leo. Gari iliyotulisha iliungua kwa ajili ya mbuzi wangu. Ningemwambia awaache, angenisikia. Sikumwambia, kwa sababu kusema kweli niliwataka.

Tukaiacha pale ikitoa moshi, tukapanda bodaboda mbili, mbuzi wakiwa mapajani. Nyumbani kwetu akina mama walitupokea kwa vigelegele, na mimi nikatabasamu kama nilivyotakiwa. Baba yangu alimpapasa kila mbuzi mgongoni, akaridhika, kisha akachungulia njia.

"Gari iko wapi?"

Nilimtazama mume wangu. Nilidhani atasema.

"Iko nyuma, mzee," akajibu. "Sisi tumetangulia."

Baba akafurahi. Akasema sasa hana sababu ya kukaa bila kujua kwetu Kabati, na kwamba kesho gari hiyo itambeba, akaone binti yake anaishi wapi.

"Sawa, mzee," mume wangu akasema, akainama kufunga kamba ya mbuzi ambayo tayari ilikuwa imefungwa vizuri.