Osaka, Ambako Huchovyi Mara Mbili

Nilikwenda Japani kwa sababu niliogopa kwenda Columbus. Kutoka Louisville hadi Columbus ni saa tatu na kitu kwa gari. Kutoka Louisville hadi Osaka ni ndege tatu na karibu siku nzima. Nilichagua njia ndefu.

Ninaishi Shively, pembeni mwa Louisville, na Mama, na ninafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Mwaka jana dada yangu Consolata aliolewa huko Columbus, mtaa wa Linden. Mume wake, Bahati, ni Mkongo wa Kivu, na ukoo wake mzima uko Buffalo. Nilijitolea kupika brosheti, yaani mishikaki ya mbuzi, kwa sababu sisi Warundi tunasifiwa kwa hizo, na kwa sababu marehemu Baba alizichoma kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania na watu walitoka zoni za mbali kuzifuata. Baba hakunifundisha, nilikuwa mdogo. Nilijifunza mwenyewe kwa simu, daftari na kipimajoto cha nyama.

Siku ya harusi, mishikaki ya kwanza iliungua pembeni. Nikaitupa. Ya pili vipande vyake havikulingana. Nikaitupa pia. Nikakata nyama upya na kupima kila kipande kwa rula. Nyama ilipoiva nilivyotaka, watu wa Buffalo walikuwa wameshaondoka, maana wengi walitakiwa kazini asubuhi. Mjomba wa Bahati, mzee aliyewasemea kwenye mahari, alikula chipsi za mfuko kwenye kituo cha mafuta njiani. Kwetu mgeni hatoki harusini na njaa. Hata kambini, kwenye mgao wa mahindi, mgeni hakutoka na njaa.

Consolata hakunigombeza. Aliacha tu kunipigia. Kisha, wiki mbili kabla ya safari, akatuma ujumbe wa sauti: "Jafeti, mtoto wangu atabarikiwa kanisani Jumapili ile utakayokuwa umerudi. Watu wa Buffalo wanakuja tena. Utapika au hutapika? Sitaki maelezo. Nataka neno moja."

Niliandika majibu tisa. Refu kuliko yote lilikuwa na vichwa vidogo. Sikutuma hata moja.

Mbona Osaka? Nilikuwa nimeona video ya mji huo, watu wakila mishikaki iliyopakwa unga na chenga za mkate, ikakaangwa kwenye mafuta. Wanaiita kushikatsu. Kila mshikaki ulikuwa sawa na mwenzake. Nikajiambia kwamba nikishaona mahali ambapo mishikaki haikosewi, nitaweza kumjibu dada yangu.

Louisville, Jumatatu, saa kumi alfajiri. Mama alisimama mlangoni na kanga yake ya kulalia.

"Umemjibu dada yako?"

"Bado, Mama."

"Na huko unakokwenda kuna watu wetu?"

"Hakuna."

"Nani atakupokea sasa?"

"Mzee mmoja anapangisha chumba. Anaitwa Morita."

Mama aliingia ndani, akatoka na karanga za kukaanga kwenye mfuko. "Mpe huyo Morita. Usiende kwa watu mikono mitupu kama mtu aliyefukuzwa."

Ndani ya ndege nilisoma daftari langu. Nilikuwa nimekusanya kanuni za Japani kwa miezi mitatu, kila moja na namba yake. Usitembee huku unakula. Usichomeke vijiti wima kwenye wali. Osaka simama upande wa kulia kwenye ngazi za umeme, si kushoto kama Tokyo. Kanuni ya kumi na saba niliipigia mstari mara mbili kwa wino mwekundu: kwenye duka la kushikatsu, sosi ni ya watu wote, iko kwenye bakuli moja la chuma; chovya mshikaki mara moja kabla ya kuuma, usirudishe tena ulioumwa. Nilipofika juu ya bahari nilikuwa nimezikariri zote. Jirani yangu aliniuliza kama nina mtihani.

Osaka, Jumanne jioni. Mzee Morita alinisubiri nje ya kituo cha treni. Aliendesha malori hadi alipostaafu, na Kiingereza chake alikipata bandarini, kifupi na cha kazi. Aliinama, nikainama. Akainama tena, nikainama tena. Hilo halikuwa na kanuni kwenye daftari langu, sikujua nani anatakiwa kuacha kwanza, na nadhani tungekuwa pale hadi leo kama basi halingetupigia honi. Nilimpa karanga kwa mikono miwili. Alizipokea kwa mikono miwili. Hapo nilijisikia nyumbani, maana hata kwetu kupokea kwa mkono mmoja ni kukosa adabu.

Jumatano, saa nne asubuhi. Nilianza na ngome ya Osaka, iliyozungukwa na handaki pana la maji na kuta za mawe makubwa kama vyumba. Nilipanda hadi juu kwa ngazi nikaangalia mji. Ulikuwa mji mkubwa. Najua wasafiri wengine huandika zaidi ya hapo, lakini juu kule nilikuwa nikisikiliza ujumbe wa Consolata kwa mara nyingine.

Mchana nilikwenda Dotonbori, kwenye mfereji, ambako mabango ya maduka ni makubwa kuliko maduka. Kuna kaa mkubwa ukutani anayechezesha miguu. Nilinunua takoyaki: mipira ya unga yenye kipande cha pweza ndani, inayopikwa kwenye chuma chenye vishimo kama cha vitumbua. Kijana aliyeipika aliigeuza kwa sindano ndefu mbili bila kuangalia. Nilisimama kando ya duka, kama kanuni inavyotaka, nikatia mpira mzima mdomoni. Ndani ulikuwa uji wa moto. Hakuna kanuni iliyosema ninachotakiwa kufanya hapo, kwa hiyo nilibaki nimefunga mdomo, machozi yakitoka, nikimwitikia yule kijana kwa kichwa kwamba ni tamu. Ilikuwa tamu. Nilijua hivyo kwenye mpira wa nne, ulipopoa.

Jioni Mzee Morita alinipikia okonomiyaki kwenye sahani ya umeme mezani. Ni chapati nene ya unga, mayai na kabichi nyingi, juu yake sosi nyeusi. Alipoigeuza ilikatika vipande viwili. Aliviunganisha kwa mwiko, akapaka sosi juu ya ufa.

"Kwisha," alisema.

Nilitazama ule ufa hadi chakula kilipoisha.

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Alinipeleka Shinsekai, mtaa wa zamani wenye mnara wa chuma katikati. Pale kuna sanamu ya kitu kinachocheka, nyayo zimenyooshwa mbele, na watu huzisugua wapate bahati. Nyayo zimelika kwa kusuguliwa. Mimi ni Mpentekoste. Niliweka mikono mfukoni.

Duka la kushikatsu alilolizoea lilikuwa dogo, kaunta moja na viti vinane. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, kitambaa kichwani, mikono mifupi yenye alama za mafuta. Mbele yetu kulikuwa na bakuli la chuma la sosi na sahani ya kabichi mbichi iliyokatwa mapande. Ukutani kulikuwa na tangazo la lugha nne na picha. Nilimwonyesha Morita daftari langu, kanuni ya kumi na saba.

"Vizuri sana," alisema. "Umesoma."

Nilifurahi kuliko inavyostahili.

Mama yule alikaanga nyama ya ng'ombe, kitunguu, mayai ya kware, shina la yungiyungi lenye matundu. Nilitafuta kipimajoto chake, sikukiona.

"Anajuaje kama imeiva?" nilimuuliza Morita.

Morita akauliza, mama akajibu bila kuinua macho.

"Anasema mafuta yanaongea. Mwanzo yanapiga kelele. Yakianza kunong'ona, toa."

Kweli niliyasikia. Niliandika. Nilipokuwa naandika nilimwona akitoa mshikaki mmoja uliokuwa mweusi upande. Nikasubiri autupe. Aliutia chumvi, akaula akiwa amesimama, akaendelea na kazi.

Kisha nilichovya wa kwangu wa kwanza. Nyama ya ng'ombe. Niliuma. Na hapa nitaeleza kilichotokea kama kilivyotokea, sitajitetea. Mimi nimekula maisha yangu yote kwenye sinia moja na watu sita. Unamega ugali, unachovya mchuzi wa kati, unakula, unarudi. Mkono wangu haujui njia nyingine. Ulikwenda wenyewe. Mshikaki uliokuwa umeumwa uliingia kwenye sosi ya watu wote hadi kwenye kidole.



Nilisema samahani kwa Kijapani, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kirundi, ambacho mimi hukitumia na Mama tu. Nilisimama. Nilikuwa nimeshashika begi.

Mama mwenye duka alichukua bakuli. Akamwaga sosi kwenye sinki. Akasuuza, akafuta, akajaza sosi mpya, akaliweka mbele yangu. Yote yalichukua muda wa kukaanga kitunguu. Kisha akasema neno moja, huku akinisogezea mshikaki wa pili.

"Anasemaje?" nilimuuliza Morita. Nilitegemea neno linalomaanisha toka.

"Anasema kula, unapoa."

"Hajakasirika?"

Morita alifikiria. "Sosi anayo nyingi. Kaa."

Nikakaa. Mwanamume wa kiti cha tatu alikuwa akicheka, na mkewe akampiga kiwiko, kisha naye akacheka. Morita alichukua pande la kabichi, akachota sosi kwa kabichi kama kwa kijiko, akaimimina juu ya mshikaki ulioumwa.

"Ukitaka tena, hivi. Kabichi ni ya hiyo."

Nilitazama kabichi. Nilichokiona pale kilikuwa ugali, kitu cha kuchotea. Watu wale walijua tangu zamani kwamba mtu atataka kurudi kwenye sosi, wakaweka njia ya kurudi, bure, kwenye sahani. Mimi kanuni nilikuwa nayo. Kabichi sikuiandika popote.

Nilichukua simu nikiwa na mafuta vidoleni. Nikafuta majibu yote tisa. Nikaandika: "Nitapika." Nikatuma kabla sijaisoma tena, jambo ambalo sijawahi kufanya.

Jibu la Consolata lilifika tukiwa njiani kurudi. Lilikuwa: "Tutaona."

Ijumaa nilirudi dukani peke yangu, nikala, nikasikiliza mafuta. Jumamosi asubuhi Mzee Morita alinisindikiza kituoni. Alinipa mfuko wa biskuti za mchele kwa ajili ya Mama, kwa mikono miwili. "Mama yako," alisema, "karanga nzuri." Tuliinama. Safari hii niliacha kwanza, akacheka.

Columbus, Jumapili ya wiki iliyofuata, mchana. Tulifika Linden mapema, mimi na Mama, na mbuzi aliyekatwa tayari kwenye kasha la barafu. Rula niliiacha Shively. Kipimajoto nilikibeba, lakini kilibaki ndani ya gari. Niliweka sufuria la mafuta uani, bakuli kubwa la sosi mezani, na kabichi pembeni.

Watu wa Buffalo walitoka kanisani wakaja moja kwa moja uani. Bahati alikuja mbele yao, mtoto begani, akachungulia sufuria.

"Bon, shemeji, leo tutakula ao tutapima tu?"

"Mtakula."

"Mjomba ameweka chipsi ndani ya gari. Donc, yaani, anasema ni ya kujikinga."

Mzee mwenyewe alikuwa nyuma yake, suti ya kahawia, hakukanusha.

Mafuta yalipiga kelele. Nilisubiri. Watu walinitazama na mimi niliangalia mafuta. Yaliponong'ona nilitoa mishikaki ya kwanza. Sita ilikuwa mizuri. Minne iliiva kupita kiasi, pembeni nyeusi, kama ile ya harusini. Mkono wangu ulikwenda kwenye pipa la taka, nikauzuia, na kwa kuwa sikujua la kufanya niliificha ile minne nyuma ya dumu la mafuta. Ile sita niliwapa Mjomba na wazee wenzake. Mjomba alichovya, akauma, akachovya tena. Nikafungua mdomo kumweleza habari ya kabichi.

"Hii nyama iko muzuri," alisema. "Leta ingine, kijana."

Nikafunga mdomo, nikaleta nyingine.

Nilipogeuka, Consolata alikuwa amesimama nyuma ya dumu, gauni la kanisani bado mwilini. Alikuwa ameikuta mishikaki minne niliyoificha. Alishika mmoja, akautazama upande mweusi, akanitazama mimi. Akauchovya kwenye sosi, akauma.

"Umeungua huu," alisema.

"Ndiyo."

Akatafuna. Akachovya tena, pale palipoumwa, hadi kwenye kidole.

"Mwaka jana ilikuwa hivi hivi?"

"Ilikuwa afadhali ya huu."

Alimaliza ule, akachukua wa pili, akavuta kiti akakaa karibu na sufuria, mahali anapokaa mtu asiyekuwa na haraka ya kuondoka.

"Endelea kukaanga," alisema. "Watu wana njaa."