Maumivu Niliyoyahamishia Begani

Siku hiyo siisahau, mwanangu, na ukitaka kucheka cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka. Nilikuwa kijana mwenye shamba la viazi pale Kiirua, mvua imekaribia, na siwezi kuinama. Tako la kulia lilikuwa linawaka moto mpaka kwenye wayo. Viazi visipochimbwa wiki hiyo vingeoza vyote, na nyumbani tulikuwa na mtoto mchanga, Kendi.

Mama mkwe alikuwa amekuja kumhudumia binti yake aliyejifungua. Akasema Meru mjini kuna daktari Mchina aliyemtibu goti kwa sindano nyembamba, na atanipeleka mwenyewe. Ningekataaje? Kwetu mama mkwe unamheshimu mpaka unamwachia njia.

Tukaingia kwa daktari, mama mkwe akaketi papo hapo, na daktari akaniuliza kwa Kiswahili chake cha polepole, "Unaumwa wapi?"

Wee! Nitaje matako mbele ya mama mkwe? Afadhali nife. Nikasema, "Bega."

Nikadhani yameisha. Kumbe daktari yule alitaka kujua hata tabia ya maumivu yenyewe. Yanatulia mahali pamoja au yanatembea? Yanachoma, au ni mazito? Baridi inayazidisha? Ukipabonyeza unapata nafuu, au unaruka? Alisema maumivu ya baridi na yale yanayohamahama hayatibiwi sawa. Nami uongo ulikuwa umeniishia, nikajibu ukweli wote wa kule chini kwa jina la bega.

"Yanazidi nikikaa," nikasema. "Halafu yanashuka mpaka kwenye wayo."

Daktari akaweka kalamu chini. "Bega linauma ukikaa?"

"Sana."

"Kwani unalikalia?"

Jasho likanitoka. Mama mkwe akainuka, akachukua kikapu chake. "Daktari, ni matako. Nimetembea nyuma yake tangu steji ya matatu, nimeona. Baba Kendi, nimezaa watoto tisa, unafikiri sijui matako? Binti yangu anataka mtu wa kuchimba viazi. Sema!" Akatoka, akafunga mlango.

Aibu niliyoisikia, we acha tu. Lakini nilisema yote, nikachomwa panapouma. Nilirudi mara mbili zaidi, nafuu ikaja, na viazi tukavichimba, mimi nikiwa nimepiga magoti maana kuinama kulikuwa bado.

Basi mwanangu, ukiumwa, taja mahali penyewe na useme panavyouma, hata wakwe wakiwa wamejaa chumba. Anayekupenda anataka upone, adabu mtarudishiana baadaye. Mungu akupe mwili mzima, na siku ukioa, akupe mama mkwe kama wangu.