Yale Waliyosema juu ya Mjukuu Wake

Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani kwao, na kwa miaka minne asubuhi za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zilikuwa za maman mmoja, mama mzee wa Ganshoren, kitongoji cha jiji kuu la Ubelgiji. Alikuwa Mbelgiji wa miaka themanini na sita. Ujana wake aliumalizia kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo, akiwa mkunga katika hospitali ya misheni karibu na ziwa, na Kiswahili alichoondoka nacho hakikuwa kimezeeka. Siku ya kwanza alinisikiliza nikijitambulisha kwa Kifaransa, akaniacha nimalize, kisha akauliza, "Wewe ni wa upande gani wa Bukavu?" Nilicheka hadi nikashika ukuta. Tangu siku hiyo hatukusema Kifaransa tena tukiwa wawili.

Aliishi na mjukuu wake. Wazazi wa kijana walitengana akiwa mdogo, kila mmoja akashika njia yake, na yeye akakulia mikononi mwa bibi. Alipofika miaka ishirini aliingia jeshini. Kambini alikaa siku za kazi, Ijumaa mchana akarudi na begi la nguo chafu, akanisalimu kama shangazi yake, "Jambo, tantine, chakula tayari?" Hayo ndiyo maneno yake yote ya Kiswahili, na aliyasema hata kama ameshakula. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuinama akipita mlangoni ingawa mlango ulimtosha.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu aliaga kama kawaida akaenda kupanda treni. Kambini hakufika. Jumatatu begi lake lilionekana kwenye benchi la stesheni, limefungwa vizuri, na kila aliyempigia alikuta simu imezimwa. Nilipofika asubuhi ile niliwakuta wanajeshi wawili sebuleni, mwanamume na mwanamke, wamekaa ukingoni mwa kiti huku maman akiwauliza kama wamekunywa kahawa.

Siku ya tatu picha yake ilitolewa mtandaoni ili watu wasaidie kumtafuta. Ilikuwa ile picha ya sare, kidevu juu. Nadhani waliotoa picha walikuwa na nia njema. Lakini kufikia jioni watu walikuwa wameacha kutafuta, wameanza kueleza.

Maman macho yake yalikuwa mabovu, hawezi kusoma. Jumatano aliniambia, "Binti yangu, jirani amesema watu wanaandika juu ya mtoto. Nisomee."

"Maman, ni maneno ya watu tu."

"Nisomee kwa Kiswahili. Kwa Kifaransa nitasikia sauti zao."

Basi nikakaa karibu naye, simu mkononi, nikaanza kutafsiri. Mmoja alisema kijana ametorokea vita vya nchi nyingine kupigana kwa malipo. Mwingine alisema ameuza siri. Kuna aliyekuza picha ile mpaka macho yakajaa kioo chote, akaandika kwamba hayo ni macho ya mtu aliyepanga jambo. Mwanamke mmoja aliyejiita mwenye maono aliona maji na daraja. Mtu mwingine alichimba akagundua bibi aliwahi kuishi Kongo, na kuanzia hapo wakawa na hakika kwamba kijana yuko Goma, msituni, na bunduki. Goma nina shangazi. Watu hawa walikuwa wanapaita kwetu kama mtu anavyotaja shimo.

Mengine sikuyasoma. Waliosema ni mwoga, waliosema heri awe amekufa kuliko kuliaibisha jeshi, hao niliwaruka. Nilikuwa navuta pumzi kidogo, napandisha kidole, nasoma la chini yake. Nilijiambia kwamba hiyo pia ni kazi yangu.

Ijumaa ya kwanza bila yeye, maman aliniomba nitandike kitanda cha kijana kwa shuka safi na niweke sahani yake mezani. Nikafanya. Tulikula supu wawili, sahani ya tatu ikiwa tupu. Ijumaa ya pili ikawa vilevile.

Ndipo nikafanya kosa langu. Nilikuwa kituoni nangoja basi, moyo umejaa, nikafungua kundi la familia yetu kwenye simu nikarekodi ujumbe wa sauti. Nilisema, "Mutuombee ule maman wa Ganshoren. Kila Ijumaa ananiomba nitandike kitanda ya mutoto, na sahani yake niweke mezani." Nikalia kidogo, wakasikia. Dada yangu mdogo, mwenye saluni Matonge, mtaa wa Wakongo hapa mjini, akajibu kwa mioyo mingi.

Jumatatu iliyofuata, nikimsomea maman, nilikutana na maneno yangu mwenyewe. Yalikuwa yameandikwa kwa Kifaransa kizuri kuliko changu: mtu wa ndani ya nyumba amethibitisha kwamba kitanda kinatandikwa na meza inaandaliwa watu watatu. Kijana amejificha kwa bibi yake. Chini yake kulikuwa na picha ya jengo la maman, mapazia yake, chungu cha maua dirishani.

Niliacha kusoma katikati ya sentensi.

"Kuna nini?" akauliza.

"Mtandao umekatika, maman."

Jumatano watu walikuja. Hawakuwa wengi, na hawakuwa wabaya wa kutisha. Baba mmoja na mkewe walisimama ng'ambo ya barabara kama watu wanaotazama nyumba inayouzwa. Vijana wawili walipiga kengele wakakimbia. Mwanamume mwenye koti zuri aliniuliza nikitoka kutupa taka, kwa adabu kabisa, kama naweza kumwambia ukweli tu, yeye hatamwambia mtu. Mchana polisi walikuja, wakaomba radhi, wakafungua kabati la nguo, wakatazama chini ya kitanda kile nilichokitandika. Mmoja alikunja tena shuka kwa mikono yake, vibaya, lakini alijaribu. Maman alikaa kwenye kiti chake mikono mapajani, akigeuza kichwa kufuata milio ya viatu vyao.

Walipoondoka nilipiga magoti mbele ya kiti chake.

"Maman, ni mimi. Mimi ndiye nilisema habari ya sahani. Nilisema kwa familia yangu, sikukuwa najua itafika huku."

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu jirani aliponisomea. Sahani tulikuwa tunaijua watu wawili, binti yangu. Mimi sikusema. Nilikuwa ninangoja uniambie." Alinyoosha mkono ukatafuta kichwa changu, ukakipata. "Ulikuwa na huzuni, ukawaambia watu wako. Mimi nimebaki na nani wa kumwambia? Ningekuwa naye ningesema." Kisha akasema, "Lakini tangu leo usiruke. Ninakusikia ukiruka. Unavuta pumzi kama mtu anayevuka mfereji."

Kwa hiyo Ijumaa nilimsomea yote. Ilichukua asubuhi nzima. Mwoga, nilisema. Msaliti, nilisema. Heri afe. Aliyasikiliza akiwa amefumba macho, na kwa kila moja alitikisa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akiwasikiliza, nadhani, wanawake waliomtukana wakati wa uchungu wa kuzaa. Nilipomaliza alisema, "Sasa na mimi niandike."

Alitamka kwa Kiswahili, mimi nikaweka Kifaransa: "Mimi ni bibi yake. Hayumo ndani ya nyumba yangu. Ningetaka sana awemo. Anakula nyanya na sukari, anaogopa mbwa wakubwa, na akiwa na mawazo hasemi. Mkimwona, msimkimbilie. Mwambieni nyumbani hakuna aliyekasirika."

Tulituma kwa jina langu, kwa sababu yeye hakuwa na akaunti. Wapo waliojibu kwamba ni uongo, kwamba bibi wa kweli hawezi kuandika hivyo. Mtu mmoja alihesabu maneno akaona humo ishara ya siri. Lakini watu kadhaa waliandika tu, samahani, maman. Aliniomba nimsomee hizo samahani mara mbili.

Jumamosi nilipanda metro mpaka kituo cha Porte de Namur, nikaingia saluni kwa dada yangu. Alikuwa akimsuka mteja. Aliponiona uso, akaweka kitana chini.

"Yaya, dada mukubwa, mi nilituma kwa muntu moja tu. Muntu moja! Ule rafiki yangu wa chorale, tunaimbaka naye kanisani, juu naye aombe. Bon, naye akatuma kwa mwenzake."

"Polisi walifungua kabati lake."

Mteja alikuwa akitutazama kwenye kioo. Dada yangu alikiokota kitana, akakiweka tena. Mwishowe akaniuliza, "Huyo maman, nywele yake nani anaichana?"

"Mimi, nikiwa na nafasi."

Jumatatu alifunga saluni akaja nami Ganshoren na kikapu chake cha kazi. Alisimama mbele ya maman akaomba msamaha, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kifaransa, akirudia donc, donc, yaani basi, basi, bila kufika popote. Maman alimwambia, "Nishike kwanza nione mikono yako." Dada akampa. Kisha tukampeleka bafuni, tukamkalisha na taulo shingoni, na dada yangu, ambaye maisha yake yote amesuka nywele nzito za kwetu, akaosha nywele nyeupe nyepesi kama za mtoto mchanga, akiogopa kuzivuta. Alizikausha kwa kitambaa, hakutaka mashine. Alipomaliza alizibana nyuma kwa pini mbili. Maman alijishika kichwa akasema, "Leo mtoto akirudi atanikuta mrembo."

Hakurudi siku hiyo. Alirudi baadaye, na katika maelfu ya watu waliokuwa wanaeleza, hakuna hata mmoja aliyebahatisha jinsi ilivyokuwa: ni jino lililomrudisha.

Siku ya thelathini na mbili simu ililia tukiwa tunamenya viazi. Kijana alikuwa amejitokeza kwa daktari wa meno katika mji mmoja wa pwani, shavu limevimba, homa juu, akatoa kitambulisho chake mwenyewe. Hakuwa amejificha, ila hakuwa na nguvu ya kumwambia mtu yuko wapi. Baadaye alitueleza. Jumapili ile pale stesheni miguu ilikataa kupanda treni ya kambini. Hakuna aliyempiga, hakuna siri aliyouza. Kwa miezi alikuwa halali vizuri, hakumwambia mtu, na siku hiyo alipanda treni ya upande mwingine mpaka reli ilipoishia baharini. Mzee mmoja mjane alimpa karavani yake ya likizo akae, naye akampigia rangi uzio. Mzee hakuwa mtu wa mitandao. Simu kijana aliitupa majini siku ya kwanza. Hakuwa amesoma neno hata moja.

Alilazwa wiki tatu, jeshi likamwachia kwa sababu ya ugonjwa. Siku aliyorudi ilikuwa Jumanne, siku ambayo si yangu, lakini nilikwenda. Aliinama mlangoni. Maman alisimama bila fimbo, akampapasa uso, akapita shavu lenye kidonda kwa uangalifu, kama anayeangalia mtoto aliyezaliwa sasa hivi kama ametimia. "Umekonda," akamwambia. Hakumwuliza lolote lingine wiki ile.

Mimi nilimweleza habari ya ujumbe wangu wa sauti kabla hajaikuta mwenyewe. Alinisikiliza, akasema si kitu, tantine, lakini alikwenda chumbani akakaa peke yake hadi mchana. Nilikubali. Msamaha wa bibi haukuwa lazima uwe wake pia.

Mwezi wa sita nilimsindikiza Forest, mtaa wa upande mwingine wa mji, kwenye karakana ya baiskeli alikopata mafunzo ya kazi. Alikuwa bado anaogopa kusafiri peke yake. Ndani ya tramu msichana alimtazama, akatazama simu yake, akamtazama tena. Kijana aligeukia dirisha.

"Niliyasoma jana," akaniambia. "Yote niliyoyapata."

"Kwa nini, sasa?"

"Nilitaka kuona kama kuna mtu alisema labda nilikuwa mgonjwa." Alinigeukia. "Wewe uliona hata mmoja?"

Nilifikiri sana, nikitamani kumpa hata mmoja. "Sikuona," nikasema.

Alitikisa kichwa. Tuliposhuka mvua ilikuwa imeanza. Alinishika kiwiko kunivusha reli, tukaenda kutafuta mlango wa karakana.