Reli Iliyomwondoa Mama Nyumbani

Mpaka leo nikisikia harufu ya rangi ya mafuta, mimi hutoka nje. Harufu hiyo iliingia kwetu Nyamwaga pamoja na vijana wa upimaji, watu wa mikoa mingine, waliomwamkia baba shikamoo kwa adabu zote kisha wakachora X nyekundu kwenye ukuta wetu. Reli itapita hapa, walisema, kutoka pwani hadi ziwani. Uwanja wetu wote ulikuwa umeingia njiani. Wakachimbia kigingi cha zege upande wa kushoto wa nyumba, wakanywa uji wa mama, wakaondoka.

Baba aliwaamini kuliko mtu yeyote kijijini, kwa sababu yeye treni alikuwa ameipanda. Ujanani alisafiri kutoka Mwanza hadi Tabora, na safari hiyo moja tulilishwa miaka yote kama ugali: mabehewa yalivyotikisika, wauza asali walivyokimbilia madirishani, ng'ombe aliyesimama relini akaishia hapo. "Treni haikwepi mtu," alisema, halafu akaiga honi mpaka kuku wakatawanyika. Jioni nilikalia kile kigingi, nikawa abiria. Mama akiniita nikaoshe vyombo, nilimjibu kwamba bado hatujafika Tabora.

Kisha mama akaugua, akafariki kabla ya mavuno.

Kwetu mwanamke aliyetolewa ng'ombe huzikwa kwa mumewe, kando ya nyumba yake. Kaburi lilikuwa limeshaanza kuchimbwa karibu na kigingi, baba akawasimamisha wachimbaji.

"Hapa ndipo inapopita," alisema. "Nimzike leo, kesho waje wamfukue na matingatinga?"

Bibi, mama yake baba, alipiga ukelele. "We mura, mwanangu, kwani ng'ombe zetu zimerudi? Unamrudishaje mke kwao kama mtu ambaye hakuolewa?"

"Mama, treni mimi naijua."

Tukampeleka Nyanungu kwa mjomba. Walitupokea vizuri, siwezi kuwalaumu, lakini walimzika mwisho wa shamba la mahindi, mbali na nyumba, kama mgeni.

Mimi nilijiambia kwamba treni ikija tutaipanda twende kumsalimia. Kila asubuhi nilimwona baba akisimama uani, ametega sikio upande wa mashariki, nikafurahi kwamba ana hamu kama yangu.

Treni haikuja. Redioni waliitaja mara kwa mara, kisha wakaacha. Baba aliwaendea wazee, akawaomba mama arudishwe nyumbani. Wakamjibu kwamba mtu akishalazwa haamshwi. Hakuoa tena, na ile X hakuifuta. Aliendelea kusimama uani hata macho yalipokwisha nguvu.

Mwaka jana tulimzika kando ya nyumba yake, upande wa kulia, na hakuna aliyetaja reli. Kijana mmoja wa wachimbaji, ambaye hakuyajua ya kwetu, aliniuliza mama amelala wapi ili wasije wakamgusa kwa jembe. Nilimwambia wachimbe tu.

Utotoni nilidhani baba anaisubiri treni kwa furaha. Sasa najua alikuwa akiiomba. Ije ibomoe nyumba, ing'oe migomba, ipite hata mara moja tu juu ya ule upande wa kushoto, ili na yeye aweze kulala usingizi. Pale pana nyasi tu na kigingi, na mama yangu yuko Nyanungu bure.