Kiti cha Plastiki cha Malvern

Mafuta ya haradali yananuka mpaka pua inawasha. Kila nikimpaka mwanangu baada ya kuoga, narudi saluni kule mtaa wa Malvern, nina miaka tisa, nimekalia kiti cha plastiki na miguu haifiki chini.

Mama alisuka rasta upande wa dirisha. Upande wa ukutani, Mama Asmita, Mnepali, aliwatoa watu nyusi kwa uzi, ncha moja kaibana kwa meno. Wateja walimwita Mhindi. "Mimi si Mhindi," alijibu kila siku, uzi mdomoni, kwa Kiswahili alichojifunza kwetu Wakongo, na kila siku tulicheka. Mimi, Furaha, aliniita "nani", ndivyo kwao wanavyomwita mtoto. Mafuta haya alitufundisha yeye.

Mwaka ule alimpeleka binti yake Asmita Nepal kumtafutia uraia. Tuliagana kwa keki na machozi, tukajua basi, wamekwenda. Miezi miwili baadaye, hao mlangoni na mabegi yao. Asmita akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti changu.

Niwaambie ukweli, shuleni wiki hiyo walikuwa wameniita kwerekwere, tusi la wenyeji kwa Waafrika wageni. Nilikuwa nalo, nikalitua kwa mwingine.

"Hicho changu! Rudini kwenu!"

Mama aliinua kitana anichape. Mama Asmita akautoa uzi mdomoni, katikati ya kazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Mwache, Mama Furaha. Nani wangu, tulienda. Kaka yangu kasema nimeolewa, mimi si wa nyumba yao tena. Ofisini wamesema mama peke yake hatoshi, mtoto aje na baba. Baba yake alitukimbia, nimtoe wapi? Basi tumerudi kwenye kiti chako."

"Eish," akasema mteja wake, "na upande wa pili je?"

Nikacheka mpaka nikapaliwa na chipsi. Kwangu, habari ya siku ile ilikuwa yule dada mwenye nyusi za upande mmoja.

Juzi nilikwenda kumwandikisha mwanangu apate cheti cha kuzaliwa. Nimezaliwa mji huu, nimesoma hapa mpaka matriki, mtihani wa mwisho wa sekondari. Karani hakuinua hata macho. Baba yuko wapi? Hayupo. "Basi rudi kwenu ukamwandikishe huko."

Kwetu wapi? Uvira alikotoka mama, ambako sijawahi kukanyaga? Nilitaka kuipindua meza yake. Nikafungua mdomo nimtukane, na niliyemwona pale si karani. Ni mimi, miaka tisa, mdomo umejaa chipsi, namfukuza mtoto kwenye kiti cha plastiki.